Aspirini haifanyi damu kuwa nyepesi

WENGI wetu tumewahi kumsikia mtu akisema, “Mimi humeza aspirini kila siku, damu yangu ni nzito.” Kauli hii imezoeleka mno. Hata hivyo, hapa lugha inatupotosha, na upotoshaji wenyewe waweza kumwaga damu.

Kitenzi ‘ganda’ kina maana mbili. Ruba humganda mtu, yaani humng’ang’ania. Maziwa nayo huganda, yaani hushikamana yakawa mazito. Mtu akijikata, mambo yote mawili hutokea. Chembe sahani za damu huung’ang’ania mshipa uliochanika, kisha zikagandana zenyewe kwa zenyewe. Protini za damu nazo hufuma nyuzi za kuziba pengo. Aspirini hugusa mgandano ule wa chembe. Uzito wa damu haiupunguzi hata chembe!

Huugusaje? Utando wa chembe sahani umejengwa kwa mafuta. Chembe ikiamshwa, kimeng’enya kimoja hukata kipande cha mafuta hayo kiitwacho asidi ya arakidoni. Kingine, saiklooksijenasi, hukipokea na kukigeuza, na mwishowe hupatikana thromboksani: hiyo ndiyo mbiu ya kuziita chembe nyingine. Aspirini hukiziba kimeng’enya hicho cha pili. Mwingereza John Vane ndiye aliyeonyesha, mnamo 1971, kwamba dawa hii huzuia utengenezaji wa kemikali za jamii hiyo, akatuzwa Nobel 1982 pamoja na Waswidi wawili.

Sasa, chembe sahani haina kiini, hivyo haiwezi kujiundia kimeng’enya kipya. Kikishazibwa, basi, ni hadi chembe ife, siku 7 hadi 10 hivi. Ndiyo maana kidonge kidogo cha miligramu 75 kwa siku hutosha. Ibuprofeni hushika na kuachilia.

Kwa hivyo anayeng’olewa jino kesho asijitetee eti “nimeacha jana”. Amwambie daktari mapema. Wala asiache kwa hiari yake: kwa aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, mbiu ile ikirudi, donge laweza kuziba ateri. Mgonjwa wa dengi, homa ambayo Mombasa inaifahamu vyema, mara nyingi huwa amepungukiwa na chembe sahani tayari. Huyo asipewe aspirini kabisa.

Wapo wanaosema ‘dawa ya kulainisha damu’, wengine ‘kuyeyusha’. Mimi naona tuseme ‘dawa ya kuzuia chembe kugandana’. Ni refu, najua.