Je, Wajua? Fimbo ya Pool Nayo Ina Masharti Yake Angani

Je, wajua kwamba fimbo ya pool inayoruhusiwa kuingia nawe ndani ya ndege nchini Uingereza, kule Marekani itazuiwa kwenye ukaguzi? Kanuni za Uingereza zinaikubali kama mzigo wa mkononi. Marekani huiruhusu tu kwenye mizigo ya chini.

Marekani nusura ilegeze kamba. Machi 2013, idara yake ya usalama wa usafiri ilitangaza kwamba abiria wangeweza kupanda na fimbo za pool. Lakini tangazo hilohilo liliruhusu pia visu vidogo. Wahudumu wa ndege wakapinga vikali, na kilichowaudhi hasa ni visu. Juni mwaka huohuo mpango wote ukafutwa. Fimbo zikazama na visu, na kwa maoni yangu zilionewa.

Hata penye ruhusa, urefu ni kikwazo. Fimbo ya kawaida ina takriban sentimita 147. Ukiifungua vipande viwili, kila kimoja huzidi sentimita 70. Mashirika mengi ya ndege hutaka mkoba wa mkononi usizidi sentimita 55 hivi.

Kwa hiyo, mchezaji wa Buxton, Mombasa, unayevuka Makupa kwenda Uwanja wa Ndege wa Moi, ifungue fimbo yako, itie kwenye kasha gumu, uikabidhi kaunta ya mizigo. Na uliza shirika lako kabla hujakata tiketi.