Je, Wajua? Kikaragosi Akipanda Jukwaani

Je, wajua kwamba kushindana kwa vikaragosi si jambo geni kwetu? Kule Usukumani, upande wa Mwanza, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yameshindana tangu karne ya 19. Mshindi ni anayevuta umati mkubwa zaidi, na ndiyo maana wachezaji walileta uwanjani sanamu za mbao, nyingine zikiwa na mikono ya kuchezeshwa. Mwenzako akipata watu, nawe utazua jipya.

Mashindano ya shuleni nayo si mapya: tamasha la drama la shule za Kenya lilianza mwaka 1959. Na huko Marekani, shindano la ubunifu la wanafunzi liitwalo Odyssey of the Mind lilianza mwaka 1978 katika jimbo la New Jersey. Kanuni yake naipenda mno: kila kitu kifanywe na watoto wenyewe. Mtu mzima akisaidia, timu hukatwa alama. Wazazi wa hapa Mbaraki, Mombasa, mnasikia?

Vifaa vya kutengenezea vikaragosi tunavyo. Kifuu cha nazi ni fuvu zuri, makumbi ni nywele, sifongo ya godoro kuukuu ni mashavu, na kwa fundi cherehani hakukosekani vipande vya kanga. Magazeti ya zamani yakilowekwa kwenye gundi ya unga wa ngano hutoa uso mgumu kabisa, mradi kila tabaka likauke kabla ya kubandika jingine. Kwa unyevu wa Mombasa, usiharakishe. Ndala zilizokatika nazo zisitupwe: jahazi la Flipflopi, lililotengenezwa kwa taka za plastiki na kuvikwa ndala zipatazo 30,000, lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja mwaka 2019. Kama ndala zimevuka bahari, zitashindwa kuwa viatu vya kikaragosi?

Je, wajua kwamba mdomo wa kikaragosi hufunguliwa kwa kushusha kidole gumba? Ukiinua vidole vinne vya juu, kichwa kizima kinarudi nyuma na macho yanatazama dari. Gumba lishuke mara moja kwa kila silabi: Mo-mba-sa, mara tatu. Kiswahili kinauafiki mchezo huu, kwa kuwa karibu kila silabi huishia kwa irabu, na irabu ndiyo inayotaka mdomo wazi.

Farasi kikaragosi wa mchezo wa kuigiza wa War Horse, uliozinduliwa London mwaka 2007, aliundwa na kampuni ya Handspring ya Cape Town. Huendeshwa na watu watatu, nao hupumua kwa pamoja. Pumzi hiyo ndiyo inayomtia uhai. Watoto wafundishwe hiyo kabla ya rangi na mapambo.

Gado, mchoraji katuni mzaliwa wa Dar es Salaam, alileta vikaragosi vya viongozi, vya mpira, kwenye televisheni ya Kenya mwaka 2009 kupitia The XYZ Show. Kabla ya hapo, miaka ya 1990, vikaragosi vilikuwa vikieleza habari za ukimwi hadharani nchini humu, maneno ambayo mwanadamu angeyasema kwa haya.

Na je, wajua kwamba Mnara wa Mbaraki umo katika ramani ya Wareno ya mwaka 1728? Husemwa kuwa una pepo, na watu wamempelekea pepo huyo marashi na ubani. Wanafunzi wa hapa wasikimbilie simba na sungura. Waanze na pepo huyo, wamtengenezee kichwa na mikono.