Mali bila daftari: Hesabu za mwisho wa mwaka kwa wachuuzi wa Kasanga

DESEMBA ni mwezi wa pilikapilika Kasanga, bandari iliyo kusini mwa Ziwa Tanganyika katika Wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa. Samaki wa sikukuu wanatafutwa, wakulima wa Ufipa wanahitaji fedha za mbegu na mbolea, na Januari inakaribia na mahitaji ya shule. Katika hekaheka hizo kazi moja husahaulika kila mwaka, nayo ni kufunga hesabu za biashara.

Wachuuzi wengi wa dagaa, migebuka, mahindi na maharage huamini kwamba hesabu ni kazi ya wenye maduka makubwa. Mdogo, husemwa, anaijua biashara yake kichwani. Lakini kichwa hakikubaliki kuwa ushahidi mbele ya ofisa wa kodi, na mara nyingi humdanganya hata mwenye nacho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mchuuzi wa leo, gharama ya kukosa daftari inaweza kuhesabiwa kwa shilingi.

Kodi ya makadirio inavyokokotolewa

Mfanyabiashara mdogo ambaye si kampuni hutozwa kodi ya mapato kwa kuangalia mauzo ghafi ya mwaka, yaani fedha zote za mauzo kabla ya kutoa gharama yoyote. Mwaka wake wa kodi huanza Januari 1 na kumalizika Desemba 31.

Katika jedwali lililowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi Sh 4,000,000 kwa mwaka hakutozwa kodi hiyo. Juu ya hapo, jedwali liliwatenganisha wenye kumbukumbu kamili na wasio nazo. Kwa mauzo yanayozidi Sh milioni 4 hadi milioni 7, asiye na kumbukumbu alipangiwa Sh 100,000, na mwenye kumbukumbu asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo yanayozidi milioni 7 hadi milioni 11, asiye na kumbukumbu alipangiwa Sh 250,000, na mwenye nazo Sh 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7.

Ukizipiga hesabu hizo utaona jambo ambalo wengi hawalitambui. Katika ngazi ya kwanza, mwenye kumbukumbu hawezi kulipa zaidi ya Sh 90,000. Katika ngazi ya pili hawezi kuvuka Sh 210,000. Kwa hiyo katika ngazi zote mbili mwenye daftari hulipa pungufu ya jirani yake asiye nalo, hata kama mauzo yao yanalingana.

Viwango vya kodi huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ambayo huanza kutumika kila Julai. Kabla ya kukadiriwa ni vizuri kuuliza viwango vya mwaka husika katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) mjini Sumbawanga.

Ziwa lilipofungwa

Umuhimu wa daftari ulionekana wazi mwaka 2024. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ya mwaka huo, Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa mchuuzi anayetegemea samaki pekee, hizo ni takriban wiki 13 bila mzigo.

Chukua mfano wa mchuuzi anayenunua dagaa Kasanga na kuwauza Sumbawanga, na mauzo yake ni Sh 170,000 kwa wiki. Akiulizwa na hana maandishi, hesabu rahisi ni kuzidisha kwa wiki 52, na jibu ni Sh 8,840,000. Kwa jedwali la 2019 anaingia katika ngazi ya pili, na kodi yake ni Sh 250,000.

Ukweli ni kwamba aliuza kwa wiki 39 tu, sawa na Sh 6,630,000. Kama daftari lake linaonyesha mauzo ya kila siku na miezi mitatu iliyo mitupu, kodi ni asilimia 3 ya Sh 2,630,000, yaani Sh 78,900. Tofauti ni Sh 171,100, zaidi ya mauzo yake ya wiki nzima. Ziwa lilifungwa kwa kila mtu, lakini ni mwenye maandishi tu anayeweza kuonyesha biashara yake ilipungua kwa kiasi gani.

Makadirio hufanywa mwanzoni mwa mwaka, na kodi hulipwa kwa awamu nne zinazoishia Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Biashara ikiyumba katikati, sheria inamruhusu mlipakodi kupeleka makadirio mapya kabla mwaka haujaisha. Anayengoja hadi Januari ndipo alalamike amekwisha chelewa.

Ushuru si kodi ya mapato

Wapo wanaoamini kwamba wakishalipa ushuru wa halmashauri kwenye mwalo au kizuizini wamemaliza mambo ya kodi. Ushuru huo ni mapato ya halmashauri, na kodi ya mapato hukusanywa na TRA. Kulipa kimoja hakufuti kingine. Hata hivyo risiti ya ushuru itunzwe, kwa sababu inaonyesha tarehe na mzigo uliosafirishwa, na hivyo huunga mkono yaliyoandikwa katika daftari.

Hatua za kufunga mwaka

Kwanza, jumlisha mauzo ya kila mwezi, kisha ya mwaka. Mauzo kwa wateja kutoka Kongo au Zambia yaliyolipwa kwa dola au kwacha yaandikwe kwa shilingi, kwa bei ya kubadilishia ya siku ile ile. Fedha zilizopokelewa kwa simu ni mauzo kama zilizopokelewa mkononi.

Pili, hesabu mali iliyobaki jioni ya Desemba 31, gunia kwa gunia, kwa bei uliyonunulia. Kanuni hii inawahusu pia wenye biashara nyingine. Mwandishi aliyechapisha vitabu kwa fedha zake na kuviacha kwenye maduka ya Sumbawanga avihesabu vyote ambavyo havijauzwa. Hivyo bado ni mali yake, kama mahindi yaliyo ghalani.

Tatu, orodhesha madeni. Mali kauli ni kawaida katika biashara ya samaki na nafaka, na ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Andika nani anadaiwa, kiasi gani, tangu lini, kisha andika na unaowadai wewe kulipa.

Nne, tafuta faida. Mchuuzi wa mfano alianza mwaka na mzigo wa Sh 300,000, akanunua wa Sh 4,900,000, na akabakiwa na wa Sh 250,000. Mzigo aliouza ulimgharimu Sh 4,950,000. Toa kwenye mauzo ya Sh 6,630,000, inabaki Sh 1,680,000. Nauli, ushuru, magunia na pango vimekula Sh 720,000, na kodi Sh 78,900. Faida halisi ni Sh 881,100.

Sasa, kama kila wiki alikuwa akichukua Sh 25,000 za matumizi ya nyumbani, kwa mwaka amechukua Sh 1,300,000. Amekula faida yote, na juu yake amekula Sh 418,900 za mtaji. Hakuibiwa, wala hakurogwa. Bila hesabu hii angeingia mwaka mpya akishangaa kwa nini mzigo anaoweza kuununua unazidi kupungua.

Hapo pia ndipo udhaifu wa kodi ya makadirio unapoonekana. Kodi hiyo haiulizi faida, inauliza mauzo. Mwenye mzunguko mkubwa na faida nyembamba, kama wachuuzi wengi wa nafaka, huumia zaidi. Sheria inampa nafasi ya kuchagua kutozwa kwa faida, lakini hapo atahitaji hesabu kamili na pengine mhasibu. Kabla ya kuamua, apime kama malipo ya mhasibu hayazidi nafuu anayoitafuta.

Kuanza Januari

Kaunta buku moja inatosha kuanzia. Kurasa zigawanywe katika safu tano: tarehe, maelezo, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka na salio. Ukurasa wa nyuma uwe wa madeni. Fedha ya nyumbani iandikwe kila inapochukuliwa, hata ikiwa ni ya chumvi. Risiti zifungwe kwa mwezi na kuwekwa mahali pakavu. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka mitano.

Uandishi ufanywe kila jioni kabla ya kulala, kwani anayengoja Jumapili hukumbuka nusu. Asiyejua kuandika vizuri anaweza kumtumia mtoto anayesoma, mradi fedha zihesabiwe wote wakiwa wapo. Na kwa ambaye mwaka huu hakuandika chochote, mahali pa kuanzia ni mzigo ulio ndani leo, fedha iliyopo na madeni yanayokumbukwa. Namba hizo tatu ndizo mstari wa kwanza wa daftari la Januari 1.