Saa Tatu Mbele, Siku Moja Nyuma: Utunzaji wa Tarehe na Nyakati katika Hifadhidata za Mifumo ya Wavuti ya Afrika Mashariki

Makala haya yanajadili kosa la msimbo ambalo halitoi ishara yoyote ya hitilafu, lakini huweza kumwongezea mtoto mwaka mzima pale umri unapokokotolewa kwa kutoa mwaka kutoka mwaka. Karani achaguapo tarehe 1 Januari 2019 katika fomu ya wavuti, kalenda nyingi za kuchagulia tarehe hulifanya chaguo hilo kuwa nukta ya wakati: saa sita kamili usiku, kwa saa za Afrika Mashariki. Msimbo wa JavaScript ukiigeuza nukta hiyo kuwa wakati wa ulimwengu, ujulikanao kwa kifupi kama UTC, hupunguza saa tatu. Matokeo yake ni saa tatu usiku, tarehe 31 Desemba 2018. Mtunzi wa programu akichukua sehemu ya tarehe pekee na kuituma kwenye hifadhidata, mtoto amekwisha kubadilishiwa mwaka wa kuzaliwa.

Msimbo huohuo ukijaribiwa Accra, ambako saa ni sawa na UTC, hautaonyesha kasoro. New York nako kasoro huja kinyume: ni tarehe iliyosomwa kutoka hifadhidata kana kwamba ni usiku wa manane wa UTC ndiyo hurudi nyuma siku moja inapoonyeshwa kwenye skrini. Kwa hiyo mafunzo yaliyoandikwa kwa ajili ya watunzi wa programu wa Marekani huwaonya dhidi ya kosa lao, wala si letu. Ubaya huzidi pale inapofuatwa desturi ya kuandika 1 Januari kwa mtu ambaye mwaka wake wa kuzaliwa tu ndio unaojulikana, kwani kundi hilo zima huhama mwaka kwa pamoja.

Tiba yake ni kutambua kwamba tarehe ya kuzaliwa si nukta ya wakati. Haina saa, na haina ukanda. Itunzwe katika safu ya aina ya tarehe, na isafirishwe kama maandishi 2019-01-01 tangu fomu hadi jedwali.

Matukio yaliyokwisha kutokea ni jambo jingine, na hayo ndiyo yanayostahili UTC. Tuchukue mpaka wa Rusumo. Lori likiruhusiwa kutoka Tanzania saa 4:05 asubuhi na kupokewa upande wa Rwanda dakika 15 baadaye, saa ya Rwanda ni 3:20. Mifumo miwili ikihifadhi saa hizo bila ukanda, ripoti ya pamoja itaonyesha lori lililoingia kabla ya kutoka, na wastani wa muda wa kuvuka mpaka hautakuwa na maana. Hapa jina la aina ya safu huweza kupotosha. Katika PostgreSQL, aina inayotajwa kuwa na ukanda wa saa haiuhifadhi ukanda huo. Huugeuza wakati kuwa UTC, kisha huusahau. Anayehitaji kujua tukio lilitokea wapi aweke safu ya pili.

Hata hivyo, kanuni ya kuhifadhi kila kitu kwa UTC, inayorudiwa mno, haifai kwa miadi ya siku zijazo. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, kutoka saa tatu mbele ya UTC hadi mbili. Miadi ya kliniki ya Juba iliyowekwa mwezi mmoja kabla, kwa saa 3 asubuhi ya tarehe 10 Februari, ingehifadhiwa kama 06:00 ya UTC. Baada ya badiliko ingesomeka saa 2 asubuhi. Miadi ihifadhiwe kwa saa ya mahali pamoja na jina la ukanda, Africa/Juba, wala si tarakimu +3. Msimbo wa nchi nao hautoshi: Kinshasa na Lubumbashi zimo katika nchi moja, ila saa zao hazifanani.

Ama saa ya Kiswahili, hiyo ni ya skrini na ujumbe wa simu tu. Hifadhidata itunze 08:00, na mwananchi asome saa 2 asubuhi. Fomu isiyomlazimisha karani kuchagua asubuhi au jioni itapokea "2" yenye maana nne. Vivyo hivyo, "usiku wa Jumanne" huleta utata. Vyombo vya habari huuondoa kwa kusema "usiku wa kuamkia Jumanne", na mifumo yetu ingefaa kuiga.

Washauri wa sera wanaweza kudai jaribio moja katika kila mkataba: seva iwe kwenye UTC, kivinjari kiwe kwenye saa ya Nairobi, na tarehe ya kuzaliwa iwe 1 Januari. Kwa rekodi zilizokwisha kuharibika, kuongeza siku moja kwa zote ni kosa jipya, maana zile zilizoingizwa kwa njia nyingine, kwa mfano kwa faili la jedwali, huenda ni sahihi. Ni lazima kwanza ijulikane kila rekodi iliingia kwa mlango upi, na mifumo isiyoitunza habari hiyo italazimika kurudi kwenye daftari la karatasi.