Jenereta ikinyamaza Juba, mwizi wa nyaya huamka

UKITAKA kujua wezi wa nyaya huingia kazini saa ngapi hapa Juba, huhitaji saa ya mkononi. Sikiliza jenereta. Kuanzia Gudele na Munuki hadi Gumbo, ng'ambo ya mto, ngurumo hupungua moja baada ya nyingine, mafuta yakiisha au mwenye duka akifunga hesabu. Kimya kikishatanda, kila waya unaotoka kwenye jenereta kwenda dukani unakuwa umelala. Hauna umeme, hauumi, na ndani yake mna shaba.

Hili ndilo jambo ambalo sisi tuliorudi kutoka Nairobi, Kakuma, Kampala au Khartoum tunachelewa kulielewa. Kule tulikokaa, waya wa umeme wa mjini ulikuwa unajilinda wenyewe kwa kiasi fulani, kwa kuwa anayeukata bila ujuzi anaweza kufa pale pale. Juba ilipata mtambo wa megawati 33 mwaka 2019, na kampuni ya JEDCO imekuwa ikisambaza umeme huo mitaani, lakini wengi wetu bado tunategemea jenereta na sola. Hata sola hulala: paneli hazitoi umeme gizani, na waya unaoshuka kutoka paani ni mtulivu kama kamba ya kuanikia nguo.

Naandika haya kwa sababu wafanyabiashara wa mpakani wameanza kuniuliza kuhusu pikipiki na raksha za umeme. Wameziona Kampala na Nairobi. Hesabu yao si mbaya. Nchi yetu huchimba mafuta lakini petroli tunailetewa kwa malori kupitia Nimule, na barabara ikiharibika au dola ikipanda, boda boda wa Juba ndiye wa kwanza kulia. Swali lao la kwanza huwa ni betri inakwenda kilomita ngapi. Mimi huwauliza swali jingine: waya wa kuchajia utalala wapi?

Wanadhani natania. Basi tuangalie Marekani, nchi yenye polisi, kamera na taa za barabarani. Shirika la habari la AP liliripoti mwaka 2024 kwamba kampuni moja kubwa ya vituo vya kuchajia magari, Electrify America, ilikatiwa kebo 129 kati ya Januari na Mei mwaka huo, idadi iliyozidi ya mwaka mzima wa 2023. Mwizi hupata kama dola 15 au 20 kwa shaba ya kebo moja. Mwenye kituo hulipa maelfu ya dola kuweka nyingine, na madereva hukuta kituo kizima kimekufa. Mwezi huo huo wa Mei, shaba ilikuwa imepita dola 11,000 kwa tani katika soko la London.

Kwa nini kebo hizo ni rahisi kukata? Kwa sababu nazo zimelala. Mashine ya kuchajia gari haipeleki umeme kwenye kebo mpaka kebo ichomekwe na gari na mashine zipashane habari kwamba kila kitu kiko salama. Ulinzi huo uliwekwa ili mtoto au mpita njia asipigwe na umeme, na ni jambo jema. Lakini umemlinda mwizi pia. Anakuja na mkasi wa chuma, anakata, anaondoka, na hata nywele hazimsimami.

Ndugu zetu waliokuja kupitia Renk tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 hawahitaji mfano wa Marekani. Nyumba za Khartoum zilichomolewa nyaya ukutani, transfoma zikapasuliwa, na kebo zilizozikwa chini ya barabara zikafukuliwa na kuvutwa kama mizizi ya muhogo. Waliorejea katika mji huo mwaka 2025 walikuta kuta zimesimama lakini hakuna njia ya kupitisha umeme. Kurudisha kuta ni kazi ya fundi mmoja na saruji. Kurudisha nyaya za mji mzima ni kazi ya miaka.

Sasa turudi kwenye duka lako. Askari wa usiku ni msaada, ingawa naye hulala, na kwa mshahara ule simlaumu. Dawa ya kwanza haina gharama: waya unaoweza kuchomolewa uchomoe na uingize ndani. Chaja ya pikipiki ni ndogo, na betri za pikipiki nyingi hutoka. Kampuni ya Ampersand, iliyoanza kupeleka pikipiki za umeme barabarani Kigali mwaka 2019, haimchajishi dereva kabisa. Anaacha betri iliyoisha, anachukua iliyojaa, anakwenda zake. Njia hiyo ilibuniwa ili kuokoa muda wa dereva. Lakini kwa mji kama wetu ina faida nyingine, kwa kuwa nyaya zote hubaki ndani ya chumba chenye kufuli na hakuna kinachoning'inia barabarani.

Mwenye nyumba ya wageni anayetaka kuchajia magari ya wateja anunue mashine ya ukutani yenye tundu tu, isiyo na kebo ya kudumu. Kila dereva anakuja na kebo yake na kuondoka nayo. Zile zenye kebo ndefu iliyofungwa humo humo ni nzuri kwa macho, ila Juba zitakaa kwa muda mfupi.

Waya usioweza kuhamishwa upitishwe katika bomba la chuma lililochomelewa na kuzikwa kwenye zege. Mafundi wengine hushauri alumini badala ya shaba. Nakubali, kwa tahadhari. Uwezo wa alumini kupitisha umeme ni kama asilimia 60 ya ule wa shaba, hivyo waya lazima uwe mnene zaidi, na mahali unapounganishwa na shaba panahitaji viungo maalumu, la sivyo patapata moto. Halafu kuna ujanja wa sokoni: waya wa alumini uliopakwa shaba juu, ukauzwa kwa jina la shaba. Ukwaruze kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani, si shaba.

Fundi mmoja wa jenereta alinionyesha kitu ninachokipenda kuliko kufuli. Pamoja na waya mkuu, anapitisha uzi mwembamba wa waya unaozunguka na kurudi, ukiwa umeunganishwa na betri ndogo na kengele. Uzi ukiwa mzima, kengele iko kimya. Ukikatwa, inalia. Yaani anauacha waya mmoja macho wakati wengine wamelala. Kuandika jina lako kwa rangi juu ya plastiki ni kazi bure, maana kitu cha kwanza mwizi anachofanya ni kuwasha moto. Plastiki ikishaungua, shaba haina jina wala kabila.

Na hapa ndipo tunapofika kwa mnunuzi. Mwizi hali shaba. Malori mengi yanayotuletea unga na saruji hurudi Elegu yakiwa matupu, kwa hiyo nauli ya kurudishia mzigo ni nafuu, na kilomita 192 za lami kutoka Juba hadi Nimule si safari ya kumtisha mtu. Mwenye mizani anayenunua bila kuuliza ndiye anayempa mwizi sababu ya kuamka.

Majirani zetu walilijua hili kwa uchungu. Januari 2022 nguzo za umeme wa msongo mkubwa kutoka Kiambere kwenda Embakasi zilianguka Nairobi, zikisemekana kuhujumiwa, na Kenya karibu yote ikakaa gizani. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Sheria ya kuwataka wafanyabiashara hao wawe na leseni na kumbukumbu ilikuwapo tangu 2015; iliyokosekana ni mkono wa kuisimamia. Marufuku iliondolewa baadaye mwaka huo kwa masharti makali zaidi, lakini kwa miezi hiyo hata waliokuwa wakiuza mabati yao halali walikaa njaa. Uganda nayo ilibadilisha sheria yake ya umeme mwaka 2022 na kuongeza adhabu kwa wanaohujumu vifaa.

Sioni haja ya wafanyabiashara wa Juba kungoja marufuku ya aina hiyo. Shaba ikiletwa nyeusi kwa moshi, andika jina la aliyeileta, simu yake, namba ya chombo alichojia na mahali alipoitoa. Mwenye mali yake atakutajia bila kusita. Asiye nayo atakumbuka ghafla kwamba ana haraka. Daftari la kurasa mia linauzwa pale Konyo Konyo.