Kilomita Mia Tisa hadi Ocean Road

Basi linaloondoka Songea alfajiri hupanda vilima vya Njombe, hushika barabara kuu Makambako na kuingia Dar es Salaam giza limeshatanda. Ni zaidi ya kilomita 900. Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa Ruvuma akiambiwa anahitaji mionzi alijua anakwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 katika hospitali iliyojengwa enzi za Wajerumani. Bugando ya Mwanza nayo ilipoanza kutoa mionzi, safari ya mtu wa Songea haikupungua hata hatua moja.

Ila kuna safari isiyozungumzwa sana, ile ya kurudi. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponyeki anaruhusiwa, anarejea Namtumbo au Nyasa na dawa za wiki chache. Maumivu yanapozidi, daktari anayemfahamu yuko pwani, na muuguzi wa zahanati ya jirani hajawahi kuona faili lake.

Pengo hilo ndilo lililozaa mPCL, programu ya simu iliyobuniwa na wataalamu wa Ocean Road na Chuo Kikuu cha Muhimbili, miongoni mwao Profesa Twalib Ngoma, pamoja na wenzao wa Marekani. Taarifa ya jinsi ilivyosanifiwa ilichapishwa mwaka 2021. Lengo lake ni kumwezesha bingwa wa Dar es Salaam na mhudumu aliye karibu na mgonjwa kuona taarifa zilezile na kupanga tiba pamoja.

Kazi kama hiyo inahitaji mtu anayeitwa meneja wa bidhaa. Wengi hudhani ni fundi wa kompyuta. Siyo lazima awe fundi. Yeye ndiye anayeamua programu ifanye nini, ianze na nini na, jambo gumu kuliko yote, iache nini. Mafundi wakitaka kuongeza kurasa kumi, yeye huuliza muuguzi mwenye foleni ya watu nje atazijaza saa ngapi.

Maamuzi yenyewe ni madogo machoni. mPCL hutumia maswali ya kipimo cha Kiafrika cha tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa: saba kwa mgonjwa, matatu kwa anayemuuguza, kila jibu likiwa kati ya sifuri na tano. Bibi asiyejua kusoma atajibuje? Kipimo hicho kinaruhusu kujibu kwa mkono: ngumi ni sifuri, vidole vyote vikifunguliwa ni tano. Meneja makini huanzia hapo kabla hajafikiria rangi za vitufe. Kisha anakabiliwa na swali zito zaidi: mgonjwa akionyesha vidole vitano kwa swali la maumivu saa nane usiku, simu ya nani italia? Kama jibu halipo, programu hiyo ni daftari tu la kuandikia mateso.

Tanzania ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 wa saratani mwaka 2020, na takribani robo yao walikuwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi. Katika kuichunguza saratani hii nako simu imeshajaribiwa. Mkoani Kilimanjaro wauguzi walipaka siki mlango wa kizazi, wakaupiga picha kwa simu na kuituma kwa bingwa, ambaye aliwajibu kama weupe uliojitokeza baada ya siki ni wa kutilia shaka. Matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa mwaka 2016. Anayetaka kuuleta utaratibu huo vijijini Tunduru atalazimika kuhakikisha picha inahifadhika mtandao ukikatika na kujituma yenyewe ukirudi, bila kumaliza bando la muuguzi.

Halafu kuna siri. Nyumba nyingi zina simu moja, mara nyingi kitochi kilicho mfukoni mwa baba. Ujumbe wenye neno “saratani” unaweza kusomwa na mtu ambaye mgonjwa hajamwambia. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, uangalifu huo si hisani tena. Na lazima pawe na mahali pa kuandika kwamba mgonjwa amefariki, ili ukumbusho wa kliniki usiingie katikati ya matanga.

Kijana wa Songea anayeitamani kazi hii si lazima atoke darasa la kompyuta. Tabibu, muuguzi au mtunza kumbukumbu wa hospitali ya rufaa ya mkoa tayari anajua mambo ambayo mafundi huchukua muda mrefu kuyagundua. Atakachojifunza ni kupanga vipaumbele, kusoma takwimu na kubishana na wafadhili kwa adabu. Ubishi huo hauna budi kuanza mapema, kwani miradi mingi ya aina hii hufa fedha za majaribio zinapokwisha. Kwa hiyo ratiba yake ijumuishe vikao vya bajeti vya halmashauri, aulize ni fungu gani litalipia vocha, chaji na simu mpya mwaka wa tatu.