Manowari "London" Katika Bandari ya Unguja

Leo twataka kuwaeleza habari za manowari moja ya Kiingereza ambayo watu wa Unguja wa zamani waliizoea kama mtu azoeavyo jengo la mjini, maana ilikaa pale bandarini karibu miaka kumi. Jina lake "London".

Iliundwa Chatham, Uingereza, kwa mbao ngumu za mwaloni, ikashushwa majini mwaka 1840. Ilikuwa na sitaha mbili za mizinga na milingoti mitatu, na kazi yake ilikuwa vita kuu vya baharini. Vita vyenyewe viliikuta mwaka 1854, Waingereza na Wafaransa walipopigana na Warusi. Tarehe 17 Oktoba manowari zilikwenda kuzipiga ngome za Sevastopol. Lakini manowari za matanga hazikuweza kujiendesha vizuri mbele ya mizinga ya ngome, ikawa lazima kila moja ifungwe ubavuni kwa merikebu ya dohani, ivutwe kama kipofu ashikwavyo mkono. "London" ikaumizwa sana siku ile.

Kwa hiyo mwaka 1858 ilitiwa mtambo wa mvuke. Hata hivyo haikuacha matanga yake. Mitambo ya siku zile ilikula makaa mengi mno, na katikati ya bahari hapana pa kuyapata. Upepo ukiwa mwema, mabaharia walitweka matanga na kuuacha moto uzimike. Upepo ukikoma, au vita vikija, ndipo walipokoka moto chini ya matangi ya maji, na mvuke ukaizungusha rafadha iliyoko nyuma, chini ya maji. Mwanafunzi aliyepata kuona kifuniko cha sufuria kikirushwa juu ya meko amekwisha kuiona nguvu hiyo.

Lakini mtambo huo ulikuja umechelewa. Mwaka 1859 Wafaransa walishusha manowari iliyovikwa chuma, na mwaka 1860 Waingereza wakashusha ya chuma kitupu. Tangu hapo manowari ya mbao, hata yenye mvuke, haikufaa tena kusimama katika vita kuu.

Kazi nyingine ikapatikana. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini na kufunga soko lao la Unguja. Lakini mwaka mmoja kabla yake tufani kubwa ilikuwa imeing'oa mikarafuu ya Unguja, na ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba wakazidi kutaka watumwa wa kuchuma. Hivyo majahazi yaliendelea kuvuka usiku kutoka pwani ya bara. Mwaka 1874 "London" ikaletwa, ikatia nanga mbele ya mji. Ikawa ghala, karakana na hospitali. Na waliookolewa walipandishwa humo kwanza.

Kazi ya kufukuza ilifanywa na mashua zake ndogo. Zilikwenda Pemba, zikajificha kwenye vijito vya mikoko, na mabaharia wakalala humo siku nyingi kwa mvua, mbu na homa. Jahazi likipata upepo wa kusi halikamatwi kwa makasia. Ndiyo sababu mashua ndogo ya mvuke ilikuwa na thamani kuliko mizinga yote ya merikebu kubwa.

Tusifiche neno. Serikali ya Uingereza iliwapa mabaharia wake fedha kwa kila mtumwa aliyeokolewa, na kwa ukubwa wa jahazi lililokamatwa. Basi katika miaka hiyo yako majahazi ya wafanya biashara wa haki yaliyochomwa moto kwa dhana tu, nao wakalalamika. Maofisa hawakujua Kiswahili, na mara nyingi mali ya mtu ilitegemea ulimi wa mkalimani.

Wengi katika waliookolewa walipelekwa kwa wamisioni, wengine Mbweni, wengine Frere Town karibu na Mombasa, mji ulioanzishwa mwaka 1875. Nyumbani kwao hawakuweza kurudi. Wengine walichukuliwa wakiwa wadogo hata wasikumbuke kijiji.

Tarehe 3 Desemba 1881 Kepteni Brownrigg, mkuu wa "London", alikuwa karibu na Pemba katika mashua ya mvuke, akikagua mashua zake. Akaliona jahazi lenye bendera ya Kifaransa. Kwa desturi ya mataifa, Mwingereza hakuwa na ruhusa ya kupekua chombo chenye bendera hiyo, ila kutazama hati zake tu. Kwa hiyo alilisogelea bila kuwaamuru watu wake kushika silaha. Ndani mlikuwa na watumwa wengi. Watu wa jahazi wakapiga bunduki ghafula, wakaiparamia mashua kwa panga. Baadhi ya mabaharia wakauawa, wengine wakajitupa majini. Brownrigg alipigana peke yake kwa bunduki, akiigeuza rungu, hata risasi ikamwua. Bendera ile iliendelea kuleta ugomvi kati ya Waingereza na Wafaransa, mpaka mwaka 1905 baraza la The Hague lilipotoa hukumu ni majahazi yapi yaruhusiwe kuipeperusha.

Mwaka 1884 "London" iliuzwa pale pale Unguja, ikavunjwa. Kaburi la Brownrigg liko Chapwani, kisiwa kidogo kinachoonekana toka mjini, pamoja na makaburi ya mabaharia wengine.